MSUMENO ULIOKANYAGWA NA GARI: KUNGURUMA SI UZIMA

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya chombo cha kazi. Labda utauliza, "Afya na msumeno vinahusianaje?" Vinahusiana sana. Afya si kutougua malaria tu, wala si kuchemsha maji ya kunywa tu. Afya pia ni kurudi nyumbani jioni ukiwa na mikono miwili na miguu miwili uliyoondoka nayo asubuhi.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wanaikumbuka pia kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Somo la leo linaunganisha mambo hayo mawili. Misitu ni mali, lakini mali hiyo huvunwa na mtu. Mtu akiumia, mali haina faida.

MSUMENO WA MNYORORO NI NINI?

Msumeno wa mnyororo ni msumeno wenye injini ndogo. Watu wengi huuita chensoo. Injini yake hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Injini huzungusha mnyororo wenye meno. Mnyororo huo huzunguka juu ya chuma kirefu na chembamba. Katika somo hili chuma hicho tutakiita bapa.

Kasi ya mnyororo ni kubwa mno. Injini ikiwa katika moto wa juu, mnyororo huenda mita 20 au zaidi kwa sekunde moja. Hiyo ni sawa na gari linalokimbia kilomita 72 kwa saa. Meno yakigusa mguu, hakuna mtu anayeweza kuuondoa mguu wake kwa wakati. Ndiyo maana waliotengeneza msumeno waliuwekea vifaa vya kumlinda mtu. Vifaa hivyo ndivyo vinavyovunjika kwanza msumeno ukikanyagwa na gari.

MFANO WA KIKUNDI CHA WAPASUA MBAO

Hebu tuchukue mfano wa kikundi cha wapasua mbao katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Huko kuna misindano na mikaratusi mingi, na watu wengi huishi kwa kazi ya mbao. Kikundi kina watu saba. Wamekopa fedha, wakanunua msumeno mmoja. Deni hulipwa kila mwisho wa mwezi.

Jioni moja wanapakia mbao kwenye lori. Mvua inaanza kunyesha. Kila mtu anaharakisha. Msumeno umelazwa kwenye majani, nyuma ya lori. Utingo anamwongoza dereva, "Rudi! Rudi! Bado! Rudi!" Dereva anarudi. Gurudumu la nyuma linapanda juu ya kitu, na kitu hicho kinalia kama kuni kavu inayovunjwa.

Wanaufukua msumeno kwenye matope. Mpini wa nyuma una ufa. Kinga ya mbele imekatika. Bapa limepinda kidogo. Wote wananyamaza. Mwisho wa mwezi umebaki siku nane.

Kijana mmoja anasema, "Mzee mwenyekiti, usihuzunike. Mimi nitaufunga." Anaufunga mpini kwa waya. Bapa analinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Kipande cha kinga kilichobaki anakitoa na kukitupa, kwa sababu kinaning'inia na kumsumbua. Kisha anavuta kamba. Msumeno unawaka na kuunguruma. Wenzake wanapiga makofi. "Mzima huu!" wanasema.

Siku mbili wanafanya kazi. Siku ya tatu kijana yule anakata matawi ya msindano ulioanguka. Ncha ya bapa inagusa tawi jingine lililojificha chini ya majani. Kufumba na kufumbua, msumeno unaruka juu na kumrudia. Hakuna kinga ya mbele, kwa hiyo hakuna cha kuigusa breki. Mpini wa waya unamponyoka. Mnyororo unamkata mkono wa kushoto juu ya kiwiko.

Kijana yule hafi. Anapona kwa sababu mama anayewapikia chakula alipata kujifunza huduma ya kwanza. Anakuja mbio, anavua khanga yake ya juu, anaikunja na kukandamiza jeraha kwa nguvu. "Lala, mwanangu," anamwambia. "Usiliangalie jeraha. Niangalie mimi." Haachi kukandamiza mpaka wanapofika hospitali.

Lakini vidole viwili vya mkono ule havikunji tena. Na deni la kikundi bado halijalipwa.

Ndugu msomaji, tufikiri pamoja. Kosa lilikuwa wapi? Utasema, "Kosa ni la dereva." Hilo ni kosa la kwanza. Lakini lori halikumkata kijana yule. Kilichomkata ni msumeno uliotengenezwa vibaya. Watu waliusikia ukiunguruma, wakadhani ni mzima. Kunguruma si uzima. Injini inaweza kuwa nzima, na huku vifaa vya kumlinda mtu vimekufa vyote.

SEHEMU ZINAZOHARIBIKA NA HATARI YAKE

1. Kinga ya mbele na breki ya mnyororo

Kinga ya mbele ni kipande kinachosimama mbele ya mpini wa mbele. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia takataka tu. Sivyo. Kinga hiyo ndiyo inayowasha breki. Ncha ya juu ya bapa ikigusa kitu kigumu, msumeno huruka juu na kurudi nyuma. Ukiruka, kinga huusukuma mkono wa kushoto, au husogea yenyewe kwa nguvu ya mruko huo. Hapo breki hukamata, na mnyororo husimama kabla ya kukufikia. Ukiiondoa kinga, umeiondoa breki. Mara nyingi majeraha ya namna hii huwa kichwani, shingoni, begani na katika mkono wa kushoto.

2. Mipini

Msumeno una mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, na mpini wa nyuma kwa mkono wa kulia. Mipini hukusaidia kuutawala msumeno. Mpini wenye ufa hukatika wakati msumeno unapovuta kwa nguvu, yaani wakati unapouhitaji zaidi.

3. Tangi la petroli

Katika misumeno mingi, tangi la petroli na mpini wa nyuma ni kitu kimoja. Mpini ukipasuka, huenda tangi nalo limepasuka. Petroli huvuja kidogo kidogo. Bomba la moshi liko karibu, nalo huwa la moto sana. Petroli ikilifikia, au ikilowesha nguo zako, unaweza kuungua.

4. Bapa na mnyororo

Bapa lililopinda hufanya mnyororo ukwame au utoke kwenye mfereji wake. Mnyororo uliokanyagwa unaweza kuwa na kiungo chenye ufa mdogo usioonekana kwa haraka. Kiungo hicho kikikatika katika kasi kubwa, mnyororo huchapa nyuma kama mjeledi. Chini ya msumeno, karibu na mahali bapa linapoanzia, kuna kijino cha kuudaka mnyororo uliokatika. Kijino hicho nacho huvunjika kwa urahisi gari linapopita.

5. Akseleta na kifungo chake cha usalama

Akseleta ni kile unachokibana kwa kidole ili injini iongeze mwendo. Juu ya mpini wa nyuma kuna kifungo cha usalama. Usipokibonyeza, akseleta haibaniki. Mpini ukibonyea, akseleta inaweza kukwama. Hapo mnyororo utaendelea kukimbia hata ukiachia kidole.

6. Raba au springi za kupunguza mtikisiko

Kati ya injini na mipini kuna raba au springi. Zikikatika, mtikisiko wote wa injini huingia mikononi. Mtu anayefanya kazi hivyo kwa muda mrefu hupata ganzi. Vidole hupauka na kuuma wakati wa baridi, na mwisho hushindwa hata kufunga kifungo cha shati. Ugonjwa huu huja polepole, na ukikomaa hauponi vizuri.

7. Mwili wa injini

Misumeno mingi ya kazi nzito ina mwili wa madini yanayoitwa magnesiamu. Ni mepesi, lakini hupasuka yakikanyagwa. Ufa mdogo huingiza hewa ndani ya injini. Injini hupata hewa nyingi na mafuta kidogo. Matokeo yake huongeza mwendo yenyewe, hupata joto kali, na mwisho pistoni hukwama. Fedha za kikundi zimepotea.

MARA TU BAADA YA GARI KUUKANYAGA MSUMENO

Fanya mambo haya kwa utaratibu:

(a) Simamisha gari. Hakikisha kwanza hakuna mtu aliyeumia wala aliye chini ya gari.

(b) Usiuwashe msumeno "kuona kama bado unafanya kazi." Hili ndilo kosa la kwanza la watu wengi.

(c) Ukisikia harufu ya petroli, ondoa sigara na moto wote karibu. Zima injini ya gari. Usogeze msumeno mbali na gari, mahali pa wazi.

(d) Mwaga petroli iliyobaki kwenye chombo chenye kifuniko. Usimwage mtoni wala kisimani.

(e) Chomoa waya wa plagi. Sasa msumeno hauwezi kuwaka kwa bahati mbaya.

(f) Vaa glavu nene. Toa mnyororo na bapa. Okota vipande vyote vilivyovunjika, hata vidogo, uviweke katika mfuko mmoja. Fundi atavihitaji ili ajue ni kifaa gani cha kununua.

(g) Funga kitambaa chekundu kwenye mpini. Waambie watu wote wa nyumbani na wa kikundi, "Msumeno huu ni mgonjwa. Usiguswe."

KAZI YAKO NA KAZI YA FUNDI

Mtu mwenye homa anaweza kupewa maji na ndugu yake, lakini sindano huchomwa na mganga. Hali kadhalika msumeno. Ziko kazi unazoweza kuzifanya mwenyewe, na ziko kazi za fundi.

Wewe unaweza kuusafisha kwa brashi. Unaweza kuuchunguza kwa macho mahali penye mwanga. Pitisha kidole polepole juu ya mipini na tangi ukitafuta nyufa. Liweke bapa juu ya meza iliyonyooka. Kama linacheza au kuna nafasi chini yake, limepinda. Chunguza mnyororo kiungo kwa kiungo, kama mtu anayehesabu shanga. Kisha, plagi ikiwa imetolewa, vuta kamba polepole. Ukisikia chuma kikisuguana na chuma, au kamba ikikwama, acha. Usilazimishe.

Kubadili bapa, mnyororo na plagi unaweza kujifunza. Lakini nunua saizi inayofaa. Mnyororo na bapa vina namba zake: ukubwa wa hatua ya mnyororo, unene wa viungo vinavyoingia kwenye mfereji, na idadi ya viungo hivyo. Namba hizo mara nyingi huandikwa kwenye bapa. Ndugu msomaji, hapa ndipo utakapoona faida ya kujua kusoma! Ziandike kwenye karatasi, uende nazo dukani. Mnyororo usiolingana na bapa ni hatari hata ukiwa mpya.

Fundi atengeneze breki, akseleta, tangi, kabureta, raba za mtikisiko na mwili wa injini. Mpelekee fundi anayeifahamu misumeno. Mtu anaweza kuwa hodari wa baiskeli na asijue breki ya mnyororo.

Matengenezo haya usiyakubali kamwe, hata kama ni rahisi:

- Mpini uliofungwa kwa waya, mpira wa tairi au gundi.
- Tangi lililozibwa kwa sabuni, lami au plastiki iliyoyeyushwa.
- Bapa lililokanyagwa na gari kisha likanyooshwa kwa nyundo. Dawa yake ni kununua jingine.
- Kiungo cha mnyororo kilichounganishwa kwa msumari.
- Kinga ya mbele iliyotolewa "kwa sababu inasumbua."
- Mwili wa injini uliochomelewa na mtu asiyejua magnesiamu. Vumbi na vipande vyembamba vya magnesiamu vikishika moto huwaka kwa mwanga mkali sana. Ukiumwagia maji moto huo, unaongezeka. Huzimwa kwa mchanga mkavu. Basi kazi hiyo si ya kila mchomeleaji wa magrili.

KUUPIMA MSUMENO ULIOTOKA KWA FUNDI

Usilipe fedha zote kabla ya kupima. Pima mbele ya fundi. Watu wengine na watoto wakae mbali.

Kipimo cha kwanza: Injini ikiwa imezimwa na umevaa glavu, uvute mnyororo kwa mkono. Utasogea. Sasa sukuma kinga ya mbele kuelekea kwenye ncha ya bapa. Utasikia "ta!" Vuta mnyororo tena. Usisogee hata kidogo. Ukisogea, breki ni mbovu.

Kipimo cha pili: Bana akseleta bila kubonyeza kifungo cha usalama. Isibanike. Bonyeza kifungo, bana, kisha achia. Irudi yenyewe mara moja.

Kipimo cha tatu: Shika mipini yote miwili, utikise msumeno. Usisikie kitu kilicholegea. Tia petroli kidogo, ufute msumeno ukauke, ungoje dakika 10. Tazama chini ya tangi. Pasiwe na unyevu.

Kipimo cha nne: Breki ikiwa imewashwa, uweke msumeno chini mahali pagumu. Ukanyage kwenye mpini wa nyuma kwa ncha ya kiatu, ushike mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, na uvute kamba kwa mkono wa kulia. Ukiwaka, ushike kwa mikono yote miwili, utoe breki, uuache ungurume polepole. Mnyororo usizunguke. Ukizunguka peke yake katika moto mdogo, mrudishie fundi.

Kipimo cha tano: Mikono yote miwili ikiwa imeshika imara na bapa halielekei kwa mtu, ongeza moto. Sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini. Mnyororo usimame papo hapo. Achia akseleta mara moja, maana kuilazimisha injini huku breki imekamata kunaunguza klachi.

Vipimo vyote vitano vikifaulu, msumeno umepona. Kimoja kikishindwa, bado ni mgonjwa.

Mara nyingine fundi mwaminifu atakuambia, "Ndugu yangu, huu umekufa." Ikiwa mwili wa injini umepasuka na tangi limevunjika, gharama ya vipuri inaweza kukaribia bei ya msumeno mwingine. Usimkasirikie. Toa vipuri vizima, uuze vyuma vilivyobaki. Hasara ya chombo hulipika. Mkono hauna kipuri.

AJALI IKITOKEA

Hata mwangalifu hupata ajali. Basi kila mtu anayefanya kazi na msumeno ajue huduma ya kwanza. Asiwe peke yake porini.

1. Zima msumeno. Mlaze mgonjwa chini.

2. Chukua kitambaa safi, ukunje, uweke juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu kwa mikono yote miwili. Usifunue kila mara kutazama. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake na uzidi kukandamiza.

3. Kama jeraha liko mkononi au mguuni, na damu inaruka au haisimami hata ukikandamiza, funga kwa nguvu juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini. Tumia kitambaa kipana kama vidole vitatu. Usitumie kamba nyembamba wala waya. Funga umbali wa vidole vinne hivi kutoka kwenye jeraha, si juu ya kiungo. Pitisha kijiti kwenye fundo, ukizungushe mpaka damu isimame, kisha ukifunge kisirudi. Andika saa uliyofunga. Zamani watu walifundishwa kulegeza kila baada ya muda. Siku hizi tunajua kwamba kulegeza njiani kunaweza kumwua mgonjwa kwa kumwaga damu. Usilegeze. Atalegeza mganga.

4. Usitie majivu, udongo, mafuta ya taa, kahawa wala kinyesi cha ng'ombe kwenye jeraha. Vitu hivyo huleta vijidudu, na vingine huleta pepopunda.

5. Kama kidole kimekatika kabisa, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie katika mfuko wa plastiki usiovuja. Mfuko huo uuweke ndani ya chombo chenye maji baridi au barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kipelekwe pamoja na mgonjwa.

6. Mfunike mgonjwa asipate baridi. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa. Mpeleke haraka kituo cha afya au hospitali. Hata jeraha dogo la mnyororo lionwe na mganga, kwa kuwa lina uchafu na oili. Mwulize juu ya sindano ya kuzuia pepopunda.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Ndugu msomaji, gari haliuoni msumeno. Dereva naye haoni kila kitu kilicho nyuma ya lori. Kwa hiyo kikundi kijiwekee sheria chache, nazo zifuatwe na wote.

Kwanza, msumeno uwe na mahali pake. Usiwekwe kamwe chini ya gari, nyuma ya gari, wala kwenye njia ya trekta. Uweke juu ya kisiki au kando ya mti ambako gari haliwezi kupita. Uvishe bapa ala yake.

Pili, mtu mmoja tu amwongoze dereva, naye asimame mahali ambapo dereva anamwona. Dereva asipomwona, asimame.

Tatu, kabla ya gari kuondoka, dereva na utingo walizunguke kwa miguu na kutazama chini yake. Kazi hiyo haimalizi hata dakika mbili.

Nne, paka msumeno rangi kali au funga kitambaa cha rangi kwenye mpini wake, uonekane katika majani.

Tano, safarini usiuache ukigongana na vyuma na mbao ndani ya gari. Ufunge usiruke. Usiuweke pamoja na abiria.

Sita, kikundi kiweke fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya vipuri na mavazi ya kazi: kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, viatu vyenye chuma mbele, na suruali maalumu ya kazi hii. Suruali hiyo ina nyuzi ndani ambazo hujisokota kwenye mnyororo na kuusimamisha. Suruali ya jinzi haifanyi hivyo.

Na liko jambo moja kubwa kuliko yote. Mahali ulipolala msumeno ule nyuma ya lori, angeweza kulala mtu aliyechoka, au kucheza mtoto aliyewafuata wazazi wake kazini. Dereva asingemwona, kama asivyouona msumeno. Leo gari limekanyaga chombo. Tujifunze leo hii, ili kesho lisikanyage mtu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wetu, yalifanyika makosa mangapi kabla ya kijana kuumia? Yataje kwa utaratibu.
2. Kwa nini tunasema kunguruma si uzima?
3. Kinga ya mbele ina kazi gani?
4. Mwenzako anasema, "Hatuna fedha za fundi, tuufunge waya tulipe deni kwanza." Utamjibu nini?
5. Eleza namna ya kuzuia damu inayotoka kwa wingi mkononi.
6. Kwa nini hatulegezi kitambaa tulichofungia njiani?
7. Tazameni mahali mnapopakia mizigo kijijini kwenu. Msumeno, mapanga na watoto huwa wapi gari linaporudi nyuma? Mtabadili nini kuanzia kesho?

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma. Kama kijijini kwenu kuna mtu mwenye msumeno, msomee yeye kwanza.